Bukuru Wawili Katika Mstari Mmoja

Wajukuu zangu mnaofanya kazi ya vitabu, mimi shule niliachia mwaka wa tatu. Baba alisema mtoto wa kike akishajua kusoma barua inatosha, na barua zenyewe hazikuwa zikija. Kwa hiyo msitafute hapa maneno makubwa. Majina, hayo mniulize. Ninakumbuka jina la kila mtoto niliyeketi naye benchi moja pale Minago, na la mama yake, na la mbwa wao kama walikuwa na mbwa. Majina hayo yalinipa kazi. Majina hayo hayo yalinifanya niharibu kitu ambacho mpaka leo sijakitengeneza sawasawa. Nitafika huko. Niacheni kwanza nizunguke kidogo, maana njia ya kwenda huko inanichoma miguu.

Kazi yangu ilikuwa faharasa, ile orodha ya mwisho wa kitabu: jina, halafu namba za kurasa. Watu wengi hawajui kwamba inatengenezwa na mtu. Wanadhani inaota yenyewe, kama uyoga nyuma ya nyumba. Mimi niliiotesha kwa mkono miaka mingi, katika imprimeri, nyumba ndogo ya kuchapa vitabu hapa Rumonge, chumba cha nyuma, dirisha likitazama ziwa.

Niliingia pale kufagia na kukunja karatasi. Aliyenitoa kwenye ufagio ni Bwana Anselmi, msahihishaji wetu, mtu wa ng'ambo ya ziwa, wa Uvira, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi wa nyavu. Siku moja nilikuwa nakunja kurasa za kitabu cha parokia, nikamwambia:

"Bwana Anselmi, huyu Ndayizeye wa hapa, kule mbele mlimwita Ndayishimiye. Ni mtu mmoja. Baba yake alikuwa na mashine ya kukamulia mawese."

Akatazama huku, akatazama kule. Akashusha miwani.

"Weye, nani alikuambia usome?"

"Hakuna. Nilikuwa nakunja tu."

"Basi kuanzia kesho, kunja polepole."

Ndivyo nilivyopanda cheo.

Tulitumia fishi, vikaratasi vigumu tulivyokata kutoka migongo ya kalenda za zamani. Fishi moja, jina moja. Unasoma ukurasa, ukikutana na kitu ambacho mtu anaweza kuja kukitafuta, unaandika jina juu na namba ya ukurasa chini. Ukimaliza kitabu unapanga kwa herufi. Upepo wa ziwa ulikuwa adui yetu. Mara ya kwanza uliingia dirishani ukachanganya herufi zote, nikapiga magoti chini ya meza nalia, na Bwana Anselmi akaja na ndoo ya mawe aliyookota ufukoni. Kila herufi ikapata jiwe lake. A ilikuwa na jiwe dogo. N ilihitaji mawe manne, kwa sababu sisi Warundi nusu yetu tunaanza na N: Ndayi-, Niyo-, Nzi-, Nta-. Ukipanga N ya Burundi, umepanga mji mzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nilipewa kitabu cha sala. Nikafanya kazi kwa bidii, nikaleta fishi ya Mungu imejaa namba mbele na nyuma.

Bwana Anselmi aliishika kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza. "Mama, huyu Mungu umempa anwani mia mbili. Mwenye shida atagonga mlango gani?"

"Lakini yuko kila ukurasa."

"Ndiyo. Na mtu aliye kila mahali hakuna anayemkuta. Mugawe. Mungu, kuomba mvua. Mungu, kushukuru. Mungu, wakati wa ugonjwa. Mutu anakuja na shida yake, hakuja na namba."

Lishikeni hilo. Jina likishapata namba zaidi ya tano au sita, ligaweni. Namba nyingi zilizopangwa kama wafungwa hazimsaidii mtu.

Kosa la pili lilinifundisha zaidi. Kilikuja kitabu cha kilimo. Mwandishi alikuwa msomi, mti wetu wa mawese aliuita mchikichi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nikaandika Mchikichi chini ya M, nikajisifu. Mwezi haujaisha akaja mkulima mmoja wa Kigwena, mzee, ameweka kitabu ndani ya mfuko wa chumvi kisilowe. Akasema, "Nimenunua hii kitabu sababu ya ngazi zangu. Zinaanguka mbichi. Nimetafuta ngazi, hakuna. Nimetafuta mawese, hakuna. Hii kitabu iko ya nini?" Ngazi kwetu ndiyo matunda ya mti huo huo. Na jibu lake lilikuwa mle ndani, ukurasa wa thelathini na moja, limelala tu. Tangu siku hiyo niliandika neno la mwandishi, na pembeni nikaandika neno la mwenye shamba: Ngazi, tazama Mchikichi. Mwandishi ameshamaliza kazi yake. Faharasa ni ya yule anayekuja na mfuko wa chumvi.

Lakini somo kubwa la Bwana Anselmi lilikuwa neno moja. Ukimletea fishi yenye jina la mtu, aliigonga kwa ukucha na kuuliza, "Yupi?"

"Maria."

"Yupi?"

"Yule wa ukurasa wa kumi. Yuko mmoja tu katika kitabu hiki."

"Umekisoma chote?"

"Nimefika katikati."

"Basi hujui kama yuko mmoja. Rudi."

Nilimchukia kwa neno hilo. Wenzangu wa kukunja karatasi walinitania, nikipita wanagonga meza kwa kucha: "Yupi? Yupi?" Baadaye kifua kilimsumbua, akarudi kwao Uvira, na chumba kikabaki na mimi na mawe. Hakuna aliyegonga fishi zangu tena. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Sasa nifike.

Msomaji wa mbali lazima aelewe jambo moja la kwetu. Hapa mapacha hawachaguliwi majina. Wanakuja nayo. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Ciza. Kwa hiyo panda kilima chochote, uliza Bukuru, utaletewa Bukuru. Mwambao mzima umejaa hao, na hawana undugu.

Mwalimu Melkiori, mstaafu wa shule, alileta imprimeri kitabu chake juu ya wavuvi wa mwambao wetu. Kitabu kizuri. Miaka mingi alikuwa ametembea na baiskeli yake akiwauliza wazee. Visa vyake nilivisikia mdomoni mwake kabla ya kuvisoma, kwa sababu alikuwa anakuja kuketi katika chumba changu, anasimulia, mimi napanga mawe. Na watu wake wote niliwajua. Kwa hiyo alipotaka kitabu kiwe tayari kwa Jumapili fulani, na shefu wetu, mkubwa wa imprimeri, akaniambia, "Mama, fanya haraka, weye majina unayo kichwani," nilijibu ndiyo. Nikaacha kusoma kila mstari. Nilipitisha jicho, nikiona jina naandika. Nilijua, basi kwa nini nisome?

Ukurasa wa hamsini na mbili ulisema juu ya Bukuru wa Minago. Huyo nilimjua tangu utoto, nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa mihogo. Mtumbwi uliojaa watu na magunia ulipinduka mbele ya Minago, na yeye aliingia majini akawatoa watu saba, mmoja mmoja. Nikaandika fishi: Bukuru, mvuvi wa Minago: kuokoa watu, 52.

Ukurasa wa mia moja thelathini na mbili ulianza hivi, juu kabisa: Bukuru huyo alikutwa na nyavu za wenzake, akafukuzwa. Nikaona Bukuru. Nikachukua fishi ya Bukuru, nikaongeza: wizi wa nyavu, 132.

Sikugeuza ukurasa kurudi mia moja thelathini na moja. Ningegeuza ningeona chini kabisa, mstari wa mwisho: Kulikuwa na Bukuru mwingine, mtu wa Kigwena. Kitabu kiliwatenganisha vizuri watu wawili. Mimi niliwafunga katika mstari mmoja. Mtu mwingine asiyejua majina angesoma kwa hofu, angerudi nyuma. Mimi mjuzi sikurudi.

Kitabu kikauzwa sokoni. Mnajua watu wetu wanavyonunua kitabu? Hawaanzi mbele. Wanakigeuza. "Niangalizie kama niko." Asiyejua kusoma anampa anayejua, na anayejua anasoma faharasa kwa sauti kubwa, na wenye samaki na wenye mawese wanasogea. Siku hiyo aliyesoma alikuwa muuza sabuni mmoja, mwenye sauti ya kanisani. Akasoma A, akasoma B. "Bukuru, mvuvi wa Minago, kuokoa watu." Wakapiga makofi. "Wizi wa nyavu." Makofi yakakatika. Halafu mtu mmoja akacheka.

Na Bukuru wa Minago kazi yake ilikuwa hii: kutunza nyavu. Siku za mwezi mkubwa ndagala hawavuliwi, maana taa haiwadanganyi, na wavuvi wanapanda milimani kulima au kuona wake. Nyavu wanamwachia mtu mmoja wa kuaminika. Pale Minago, tangu ujana wake, alikuwa yeye. Hakulipwa. Walimwachia tu, wakarudi wakazikuta zimekaushwa na zimeshonwa.

Baada ya wiki chache alikuja imprimeri. Alikuja na binti yake Jeniroza, msichana mkubwa, amebeba kitabu. Mwalimu Melkiori alikuwa amempa Bukuru nakala ya bure kwa sababu ya ukurasa wa hamsini na mbili. Bukuru mwenyewe hakujua kusoma hata herufi moja.

"Amahoro, mama wa majina," akanisalimia kwa utani wetu wa zamani.

"Amahoro, Bukuru. Karibu, keti."

Hakuketi. "Hii kitabu yenu inasema mimi niko mwizi?"

"Nani amesema hivyo?"

"Hakuna anayesema. Ndiyo shida. Wanakuja mmoja mmoja, wanachukua nyavu. 'Mzee, ya kwangu imepasuka, nataka niishone.' Mwingine, 'Mzee, shemeji anaiomba.' Zote zimepasuka wiki moja? Jeniroza amenisomea hapa nyuma. Sasa weye unisomee kule ndani."

Nikafungua mia moja thelathini na mbili. Nilifungua kwa kiburi, nawaambia ukweli. Nikasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo. Bukuru huyo. Huyo yupi? Ukucha wa Bwana Anselmi uligonga ndani ya kichwa changu. Nikageuza nyuma ukurasa mmoja, nikaona Kigwena.

Niliwasomea kurasa zote mbili. Jeniroza akapumua kwa nguvu. Bukuru alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima uzito wa samaki.

"Basi kitabu iko safi," akasema. "Aliyekosea ni nani?"

"Mimi."

"Weye? Weye unayekumbuka mpaka jina la mbwa wetu?"

"Mimi."

Akacheka kidogo. Nawaambia alicheka! Akasema, "Haya. Haina neno. Keshokutwa watu watakuwa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wanaanika nyavu. Njoo. Usome kama ulivyosoma sasa, useme: ni mimi nilikosea. Watu wanakuamini kwa majina. Watasikia, nyavu zitarudi."

"Tutachapa karatasi ya masahihisho," nikamwambia. "Tutaibandika katika kila kitabu."

"Karatasi? Mama, nani kule Minago anasoma karatasi? Walisikia kwa masikio. Njoo wasikie kwa masikio."

"Nitakuja."

Sikuenda.

Ninyi vijana mtasema nilimwogopa shefu. Nilimwogopa, ndiyo. Lakini kilichonizuia hasa ni kile cheo. Katika mwambao huu nilikuwa sina kitu kingine. Sina shule, sina shamba la maana. Nilikuwa yule mama asiyesahau jina. Kusimama mwaloni mbele ya watu walionijua nikiwa mtoto na kusema nimechanganya Bukuru na Bukuru, jambo ambalo hata mtoto wa Minago hachanganyi, mdomo wangu ulikataa. Keshokutwa ilifika, nikasema nina homa. Nikajiambia karatasi itasema vizuri kuliko mimi.

Na karatasi niliifanya vizuri, hilo lazima niseme. Nilipanga herufi mwenyewe: Bukuru wa Minago, 52. Bukuru wa Kigwena, 131 na 132. Ukanda mwembamba, upana wa kidole. Nikapika gundi ya unga wa muhogo, nyepesi, ile isiyovimbisha karatasi. Nakala za dukani nikabandika. Zilizouzwa nikazifuata. Walionunua niliwakumbuka wote. Nilipanda taksi, nilipanda baiskeli ya kukodi, nilitembea kwa miguu mpaka Kigwena kwa mlinzi wa msitu. Nilipiga hodi, "Niletee kitabu cha Mwalimu Melkiori, kuna kitu kidogo," na nikabandika ukanda juu ya mstari, nikaulainisha kwa dole gumba. Watu hawakuuliza ni nini. Walinipa maji ya kunywa, nikaondoka. Kila jioni nilijiona nimetubu.

Miezi mitatu. Hata mmoja sikumwambia kwa mdomo, "Yule Bukuru si mwizi." Nilikuwa nasahihisha vitabu.

Nyumba ya Bukuru niliiacha ya mwisho. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jirani yake alikuwa anaanika ndagala, hakusimama.

"Unamtafuta mutunza nyavu? Hana tena nyavu ya kutunza. Amevuka na Butoyi wake, wameenda ng'ambo ya ziwa, upande wa Baraka. Na mutoto pia."

"Alisema chochote?"

"Alingoja mutu fulani aje kusema kitu mwaloni. Alikaa pale siku nzima, amevaa shati ya misa. Hakuja mutu." Akaniangalia, akaangalia bakuli langu la gundi. "Weye umeleta nini?"

"Karatasi," nikasema.

Ukanda wa mwisho nikarudi nao. Nikauweka katika sanduku la fishi, chini ya jiwe la B.

Siku hizi nawaona ninyi. Mnaandika Bukuru katika kompyuta, na Bukuru wote wanakuja mbio kabla hujakohoa. Mnaniita koko, bibi yenu, mnaniambia, "Koko, kazi yako mashine inaifanya." Sibishani. Mimi nilifanya kama mashine bila kuwa nayo: niliona jina, nikaleta namba. Mashine itawaletea jina lilipo. Kurudi ukurasa mmoja nyuma kuona ni la nani, hiyo haikufanyii. Na ikikosea, haina miguu ya kwenda mwaloni. Wewe unayo. Mimi nilikuwa nayo.

Mwaka huu, msimu wa mvua ulipokuwa unaisha, Jeniroza alikuja kwangu. Ni mama mtu mzima sasa, mvi mbili tatu. Baba yake alifia Baraka. Katika vitu vyake alikuta kitabu. Ukurasa wa hamsini na mbili ulikuwa umewekewa kipande cha uzi wa nyavu. Marehemu aliwaomba watoto wa shule wamsomee huo tu, anasema Jeniroza, mara nyingi, mpaka akaujua kwa moyo kama sala.

Nilitoa sanduku. Jiwe la B lilikuwa mahali pake, na ukanda chini yake, umekuwa wa njano. Nikapika gundi. Jeniroza akanishikia kitabu. Nikabandika.

Aliulainisha kwa dole gumba. "Murakoze, koko," akanishukuru. "Lakini baba hakuomba karatasi."

"Najua."

"Basi twende."

Tukapanda taksi mpaka Minago. Mwaloni palikuwa na watu wengi, nyavu zimeanikwa, ndagala wametandazwa kwenye mchanga. Hakuna uso niliojua jina lake, na hilo halijawahi kunipata. Nilisimama na kitabu, nikasoma ukurasa wa mia moja thelathini na moja, mstari wa mwisho, nikageuza, nikasoma mia moja thelathini na mbili. Nikasema, "Bukuru wa Minago hakuiba. Ni mimi nilikosea. Nilipaswa kuja kusema siku nyingi, sikuja."

Waliacha kazi kwa heshima ya uzee wangu. Mama mmoja kijana, mikono imejaa magamba ya samaki, akauliza kwa upole:

"Bukuru yupi, koko? Hapa tuko nao watano."

Jeniroza alinishika kiwiko. Nikakaa chini kwenye mchanga, katikati ya nyavu zao, nikamjibu tangu mwanzo: mtoto wa nani, ua gani wa mihogo, na wale saba mmoja mmoja, kwa majina yao.